Mashine ya Gemu Tunayoitaka: Orodha ya Dunia na Orodha ya Chonyonyo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, Chonyonyo)



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mlilicheka liliposomwa asubuhi. Wanafunzi walitakiwa na Kamati waandike orodha ya mambo wanayoyataka kutoka kwetu wakubwa wao. Wakaandika kwa hati nzuri, kwa kalamu ya bluu, na nambari ya kwanza katika orodha yao ni hii: "Mashine ya gemu, hata ya zamani." Maabara ikawa nambari ya tatu. Ndugu yetu mmoja alisimama akasema kwamba hilo ni tusi kwa shule isiyo na vifaa vya kutosha vya kemia. Mwingine akasema kwamba gemu ni kamari. Kwa kuwa shilingi zitakazotumika ni zetu, na watakaofaidika au kuharibika ni vijana hawa, naona jambo lenyewe lafaa lizungumzwe kwa makini kabla ya kuamuliwa.

Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya nchi yetu. Kazi yangu kubwa ni kusoma orodha. Chini ya utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vijiji huketi, huibua miradi yao, na huiandika kwa kufuata umuhimu. Nimesoma orodha nyingi, na nimejifunza kwamba orodha ya matakwa ni barua. Asomaye vizuri huona ndani yake kile mtu anachokikosa, hata kama mwandishi hakukitaja. Kijiji kikiandika "gari la wagonjwa" kabla ya "zahanati", si kwamba hakijui mpangilio. Huenda kuna mama aliyefia njiani mwaka ule. Basi tuisome vivyo hivyo orodha ya vijana wetu.

Ndugu Mwenyekiti, vijana hawa hawako peke yao. Duniani kote wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaoandika orodha za mashine za gemu za zamani wanazotaka zitengenezwe upya. Na makampuni yamewahi kuwasikiliza. Tarehe 10 Novemba 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mfano mdogo wa mashine yake ya miaka ya 1980, ukiwa na michezo 30 ndani yake, kwa bei ya dola 60 za Marekani. Watu walipanga foleni. Hadi mauzo ya kwanza yaliposimamishwa mwaka 2017, mashine milioni 2.3 zilikuwa zimeuzwa, na walanguzi walikuwa wakiziuza kwa bei ya kuruka, kama ambavyo sukari iliuzwa kwetu wakati wa uhaba.

Lakini wanunuzi hawakuishia kushangilia. Waliandika malalamiko yao kwa ufasaha. Waya wa pedi ni mfupi mno, mchezaji analazimika kukaa chini ya televisheni. Pedi ni moja, na mwenzangu je? Michezo ni ileile 30, huwezi kuongeza hata mmoja. Mashine ni chache madukani. Mwaka uliofuata, Septemba 2017, Nintendo ilileta mfano wa mashine yake ya pili. Waya ulikuwa umerefushwa, pedi zilikuwa mbili, na ndani yake uliwekwa mchezo uitwao Star Fox 2 uliokamilishwa miaka ya 1990 na kufungiwa kabatini bila kuuzwa. Orodha ilikuwa imesikika.

Wengine hawakusikia. Desemba 2018 Sony ilileta PlayStation ndogo yenye michezo 20 kwa dola 100. Baadhi ya michezo hiyo ilikuwa matoleo ya Ulaya yanayokwenda polepole kuliko yale ya Marekani na Japani, kwa sababu televisheni za Ulaya za wakati ule zilitumia mapigo 50 kwa sekunde badala ya 60. Wapenzi waligundua mara moja. Haikuchukua miezi mingi bei ikashuka chini ya nusu. Sega nao wakangoja, wakatazama makosa ya wenzao, na Septemba 2019 wakatoa Mega Drive ndogo yenye michezo 42 iliyochaguliwa kwa uangalifu. Ilisifiwa sana. Mashine hizo zote ziliuza kumbukumbu ileile. Zilichotofautiana ni namna zilivyosoma orodha.

Kuna tamaa nyingine ambayo haijatimizwa kwa njia iliyoombwa. Kwa miaka mingi watu waliitaka Nintendo itengeneze mfano mdogo wa mashine yake ya mwaka 1996, Nintendo 64. Oktoba 2021 kampuni ikaileta michezo hiyo kwa njia ya uanachama wa kulipia kila mwaka kupitia intaneti. Ukiacha kulipa, unaacha kucheza. Aliyeko Tokyo aweza kuvumilia. Sisi tunaonunua bando kwa mahesabu tunaelewa upesi tofauti kati ya kumiliki jembe na kukodi jembe.

Mtauliza, kwa nini mtu mzima atamani kitu cha zamani hivyo? Sababu moja ni kwamba vitu hivi vinapotea. Julai 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena katika mauzo ya halali. Kazi za mikono na akili za watu, zenye umri mdogo kuliko wazee walioketi hapa mbele, tayari zimekuwa kama masimulizi ya bibi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi wa rika langu tuna uhusiano wa ajabu na neno "zamani". Mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni, kwa kulinda fedha za kigeni na kwa kutaka mambo ya lazima yatangulie. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu miaka ileile ya 1970, lakini Bara tulingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo gemu zilipotufikia, zilifika zote pamoja na kwa kuchelewa. Mashine ya Nintendo iitwayo Famicom ilitolewa Japani tarehe 15 Julai 1983. Nakala zake za bei nafuu, zilizotengenezwa Asia bila jina la kueleweka, ndizo zilizoenea Afrika Mashariki miaka ya 1990.

Mimi niliiona mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili. Mwenye duka mmoja pale Omurushaka alifunga jenereta, televisheni ndogo isiyo na rangi, na mashine hiyo moja, akaweka benchi la mbao. Sarafu ya shilingi 50 ilikupa zamu, na siku ya gulio wakati wa msimu wa kahawa foleni ilifika barabarani. Kwa Wajapani ilikuwa mashine ya miaka 13 iliyopita. Kwetu ilikuwa mpya kama asubuhi. Wala wao hawakuwa wameitupa: Nintendo iliendelea kuitengeneza Famicom hadi mwaka 2003.

Pale benchini tulicheza Kontra, mchezo wa askari wawili wanaosonga mbele pamoja. Katika hatua ya kupanda, mmoja akikimbilia juu kwa uchoyo, mwenzake anaachwa chini ya kioo anakufa. Palikuwa na mpangilio wa siri wa vitufe: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Aliyeupiga kabla ya kuanza alipata maisha 30 badala ya machache. Mpangilio huo ulibuniwa na Mjapani Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, katika mchezo mwingine wa mwaka 1986, kwa kuwa mchezo ulimwia mgumu yeye mwenyewe alipokuwa akiujaribu. Sisi hatukumjua. Siri ile ilitufikia kwa mdomo kupitia kijana aliyetoka Bukoba kwa basi, ikaandikwa nyuma ya daftari la jiografia, na kufikia Jumatatu bweni zima liliijua. Hapakuwa na intaneti. Maarifa yalisafiri kwa sababu palikuwa na mtu wa kumgawia.

Ndiyo maana nasoma nambari ya kwanza ya vijana wetu kwa namna tofauti na Ndugu aliyekasirika. Nikiwauliza wanafunzi wawili mchana walikuwa na maana gani, walisema: "Jumapili jioni hatuna la kufanya pamoja." Neno zito ni hilo la mwisho. Wanataka benchi.

Hata hivyo hoja mbili zilizotolewa asubuhi ni za haki, na lazima zijibiwe.

Kwanza, hoja ya kamari. Wazazi wengi wa vijiji vyetu wamezoea kuona mashine za dubwi, zile zinazomeza sarafu na kutoa mwangaza. Hizo ni michezo ya kubahatisha. Zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa Sheria ya mwaka 2003, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzicheza kabisa. Katika dubwi, mchezaji hawezi kuwa hodari. Mashine imepangwa ishinde mwishowe, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyopoteza. Katika Kontra au gemu ya mpira, aliyejizoeza humshinda asiyejizoeza, kama katika bao. Mzazi anapotuuliza tofauti, tumjibu hivi: tazama kama fedha inaingia kwa kila mzunguko, na tazama kama ustadi unasaidia. Na shule iweke sharti kwamba hakuna sarafu wala dau, hata la andazi.

Pili, hoja ya maabara. Ndugu yetu amesema kweli: darasa la kemia lisilo na vifaa ni aibu yetu sote. Kwa hiyo napendekeza kwamba isichukuliwe hata senti moja kutoka mfuko wa maabara. Jambo hili tulichangie kando, kwa hiari, na asiyetaka asichange. Lakini nisingependa tuseme kwamba kwa kuwa maabara haijakamilika, vijana wasipate kitu kingine chochote. Kwa mantiki hiyo hata mpira wa miguu tungeunyima.

Sasa, tununue nini? Hapa ndipo kazi yangu ya orodha inaponisaidia. Nimeona pampu ya maji ikisimama miaka kadhaa katika kijiji kimoja kwa kukosa kipuri kidogo, kwa sababu orodha ilisema "pampu" na haikusema nani ataitengeneza. Tusirudie. Orodha ya Chonyonyo haiwezi kuwa sawa na ya London. Nimeipanga hivi:

1. Itumie umeme mdogo. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Uganda, na sote tunakumbuka giza. Mashine hizi ndogo za siku hizi hutumia nguvu kama ya kuchaji simu, kwa hiyo betri ya sola inatosha. Kinachokula umeme ni kioo, basi kioo nacho kichaguliwe kwa kuangalia hilo.

2. Ikubaliane na televisheni zilizopo. Mashine nyingi mpya hutaka waya wa aina mpya pekee. Televisheni nyingi za kwetu bado zina matundu matatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Tukinunua bila kutazama, tutakuwa na mashine bila picha.

3. Iwe na pedi mbili au nne, zenye waya mrefu, zinazouzwa peke yake. Pedi ndiyo hufa kwanza.

4. Ifunguke kwa bisibisi ya kawaida, na fundi wa Kayanga aweze kuitazama ndani bila kuogopa.

5. Isitegemee intaneti ili kuwaka.

6. Ikubali kuongezewa michezo, pamoja na michezo itakayotungwa na wanafunzi wenyewe.

Sharti la sita ndilo linalonifanya nisipendekeze mashine iliyofungwa ya kampuni yoyote. Napendekeza kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35 ikiwa na lengo la kuwafundisha watoto kuandika programu. Ina ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Inaweza kugeuzwa kuwa mashine ya gemu kwa programu za bure, na kesho yake ikawa kompyuta ya darasa. Ipo pia programu ya Scratch, iliyotolewa bure mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo kwayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hutunga mchezo wake kwa kupanga vipande kama anavyopanga matofali.

Hapa nitoe tahadhari moja. Kunakili gemu za watu kutoka intaneti na kuzijaza humo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hata kama mchezo una miaka 40. Shule isiwafundishe vijana wizi kwa kisingizio cha burudani. Ipo michezo iliyotolewa bure na watungaji wenyewe, na ipo ya kununua kwa halali. Inatosha kuanzia.

Kwenu ninyi vijana, nataka mlijue jina moja. Jerry Lawson alikuwa mhandisi Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi kilichotengeneza mashine iitwayo Fairchild Channel F, iliyotolewa mwaka 1976, mashine ya kwanza kutumia kaseti zenye programu za kuchomeka na kuchomoa. Kabla yake, mashine ya nyumbani ilizaliwa na michezo yake na kufa nayo. Kila mara tulipochomoa kaseti pale Omurushaka, tukaipuliza vumbi na kuirudisha, tulikuwa tunatumia wazo lililopitia mikononi mwa mtu huyo.

Hata Afrika kazi imeanza. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake wa Nyangi. Mwaka 2018 vijana wa Afrika Kusini wa kampuni ya Nyamakop walifikisha mchezo wao, Semblance, katika mashine ya Nintendo yenyewe, wa kwanza kutungwa Afrika kufika huko. Basi swali langu ni hili: katika orodha zote za dunia, nani ataandika mchezo wa Karagwe? Hapa palikuwa na ufalme. Novemba 1861 Speke na Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika, na mwaka 1876 Stanley naye akapita. Wahunzi wa pande hizi za Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma kwa ujuzi ambao wataalamu waliuandika kwa mshangao mwaka 1978. Jina la Rumanyika limewekwa tangu mwaka 2019 katika hifadhi ya taifa iliyo jirani nasi. Hakuna mtu wa Tokyo atakayeitia tanuru ya chuma ya Karagwe katika orodha yake, kwa kuwa haijui. Nambari hiyo itaandikwa na ninyi au haitaandikwa.

Ndugu Mwenyekiti, nafunga kwa mapendekezo. Kwanza, uanzishwe mfuko wa hiari, tofauti na wa maabara, wa kununua kompyuta ndogo mbili, kioo kimoja, pedi nne na betri ya sola. Mimi natoa hapa hapa shilingi 200,000, na mhasibu anipe stakabadhi. Pili, iundwe klabu chini ya mwalimu mlezi, yenye daftari la vifaa na funguo mbili, kucheza kukiruhusiwa Jumamosi na Jumapili baada ya usafi na kujisomea. Tatu, kila muhula klabu ilete mchezo mmoja iliyoutunga yenyewe, hata uwe bao la kete chache. Muhula ukipita bila mchezo, vifaa vihamie darasa la kompyuta moja kwa moja.

Na ninyi vijana, naomba muirudie orodha yenu kabla ya likizo. Safari hii ichoreni kwa safu nne: tunataka nini, nani atakitumia, nani atakitunza, nasi wenyewe tutatoa nini. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi wakubwa wenu tuko tayari kuinama pamoja nanyi, lakini hatutainama peke yetu.

Naomba hoja hii iwekwe mbele ya mkutano, ipingwe au ikubaliwe kwa kura.